Ubao Nambari 214

Sanduku la mwisho lilifika Kasapa na mvua ya Novemba,
limefungwa kwa waya wa umeme,
na ubavuni, kwa chaki: *Vya Baba. Musitupe kitu.*

Mwilambwe alikuwa mpima shaba.
Miaka thelathini na mmoja mbele ya mizani,
jioni anarudi mtaa wa Kenya na vumbi masikioni
na kitabu ndani ya shati.
Vingine alivinunua kwa Wazungu waliokuwa wakifunga virago,
kwa kilo, kama mihogo mikavu;
vingine kwa posho, na siku hizo
Mama Nkulu alipika sombe bila chumvi, bila kununa.
Au alinuna. Nani aliandika?

Mimi naandika. Ndiyo kazi yangu.
Nambari, mwandishi, lugha, kurasa, hali.
12: sarufi ya Kilatini. Hali: imeliwa na mchwa hadi kwenye vitenzi.
87: matibabu ya ng'ombe. Hakuwa na ng'ombe.
140: ramani za reli; pembeni, kwa penseli,
deni la bunga, na siku Ngoie alipoota jino.

213 ipo. 215 ipo.
Kati yao kipande cha mulombwa
kilichopigwa randa, unene wa vidole vitatu,
na mgongoni, kwa wino uleule: 214.

Nikampigia simu Ngoie, kitinda mimba wake.
«Hapo ni pa Baba Tshimanga,
jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.
Aliazima kitabu Jumapili.
Alhamisi alikuwa stesheni, yeye na watoto na magodoro,
wanangoja treni ya Kasai, wiki, kisha miezi,
maana mtaa ulikwisha kuamua nani ana kwao na nani hana.
Baba alimpelekea uji kwa ndoo.
Tshimanga akasema: kitabu chako sijakimaliza.
Baba akamjibu: soma polepole.»

Treni ikaondoka. Mwilambwe akachonga ubao
vile vingine visije vikaegemeana,
vikaziba pengo,
vikazoea.

«Kilikuwa kitabu gani?»
Kimya. Mvua kwenye simu yake, mvua kwenye yangu.
«Sikuwa nimejua kusoma. Kilikuwa chekundu.»

Mkuu wangu asema maktaba haitunzi mbao,
useremala uko kule nyuma ya kantini.
Sikumjibu. Nilikuwa nanoa penseli.

Mwandishi: nimeacha wazi.
Lugha: nimeandika, nikafuta.
Kurasa: hazijarudi.
Hali: kizima. Mulombwa mchwa hawautaki.

Saa kumi na moja, umeme umekatika,
nimekipangusa kwa kiwiko cha koti
nikakisukuma kati ya 213 na 215.
Kinaingia kwa kubana.