Hewa Kwenye Bomba

Alfajiri nimemkuta Kiburu juu ya maji,
mgongo nje kama kisosi kilichosahaulika kwenye karai,
mkia umeinuka, kichwa kimeinama,
na matamvua yake mekundu, matatu kulia, matatu kushoto,
yakipepea polepole
kama mtu anayejibu "sijambo" ili asiulizwe zaidi.

Manka aliniachia aksolotli huyu begi likiwa tayari mgongoni,
na karatasi akaibandika ubavuni mwa friji:
Baba, maji yasizidi nyuzi kumi na nane.
Baba, usiweke changarawe, atazimeza.
Baba, akipanda kuvuta hewa akashuka, mwache. Ndivyo alivyo.
Hakuandika la kufanya asiposhuka.

Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi wa maji, Moshi mjini.
Nimelala kifudifudi kwenye mitaro ya Pasua, ya Njoro, ya Majengo,
sikio juu ya chuma.
Hewa naijua. Ikiingia bombani
hukohoa, hutema kutu,
na mama mwenye ndoo tupu hunitukana mimi na ukoo wangu.
Dawa yake ni moja: panda hadi penye mwinuko, legeza koki,
isikilize ikitoka, ssss,
kisha maji.
Nikamgeuza Kiburu kwa macho, juu, chini.
Hana koki.

Mzee Lyatuu akachungulia dirishani:
"Huyo kambale wako mwenye mikono kashakufa."
Hajafa. Nilimgusa ubavu kwa mwiko,
akapiga kasia, miguu ya mbele, ya nyuma,
akazama shibiri nzima,
halafu tumbo likamrudisha juu
kama boya la tangi la choo.

Ndipo nikaelewa.
Kuna kuelea kwa kupenda: miguu imelegea,
akichoka, anashuka zake.
Na kuna huku, kwa kupiga makasia.

Kipimajoto kikasema ishirini na nne na nusu.
Februari ya Moshi haina adabu, inaingia hadi ndani ya kioo.
Na juzi nilimpa minyoo sita,
mmoja baada ya mwingine,
kwa sababu alifungua kinywa
na sikuwa na mwingine wa kumlisha.

Nikapunguza maji mpaka vidole vyake viguse chini.
Kwa Aikande dukani nikanunua chupa iliyoganda,
nikaivisha soksi safi, nikailaza pembeni.
Nikafunika kioo kwa kanga.
Chakula, hakuna. Siku moja. Ya pili.
Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko mitaro yote:
fundi kukaa kitini, spana mfukoni,
akingoja hewa ijitokee yenyewe.

Manka akapiga simu. "Kiburu yukoje?"
"Anapumzika."
"Na wewe, Baba?"
Nikatazama viatu vyangu vya kazi pale mlangoni,
vimekauka tope la mwaka jana.
"Na mimi."

Usiku wa tatu kiputo kimoja kilipanda, kikapasuka.
Sikuwasha taa.
Kulipopambazuka alikuwa sakafuni mwa kioo, matumbo chini,
vidole vimetawanyika,
na nyuma yake kitu cheusi, kidogo, kama mbegu ya papai.

Saa kumi na moja na nusu. Nikampigia.
Akapokea kwa sauti ya mtu aliyekurupuka:
"Baba! Kuna nini?"
"Amekunya," nikasema,
na koo langu, sijui kwa nini, likakohoa kama bomba.