Doti ya Mwisho

Barua pepe iliingia saa nne asubuhi,
Luku ikisoma uniti tatu,
feni ikijigeuza kama mgonjwa kitandani.
"Mpendwa mteja."
Mtu akikuanza hivyo, tafuta kiti kwanza.

Kuanzia tarehe thelathini na moja
programu haitauzwa, haitarekebishwa,
haitaitika hata ukiibishia hodi.
Ipo nyingine, wanasema, bora kuliko hii,
ya kulipia kila mwezi.
Hata mwenye nyumba wangu hukinga ya miezi sita,
akishaondoka nalala.

Miaka kumi na saba nachora kanga humu,
ghorofa ya pili, Mtaa wa Swahili,
juu ya duka la vifungo.
Mji, pindo, jina.
Korosho mia na arobaini pindo moja,
kila korosho nimeipinda shingo mwenyewe.
Vidole havitafuti tena kitufe,
vinakwenda tu, kama mtu aendaye chooni usiku
bila kuwasha taa.
Sasa choo wamekihamisha.

"Hamia tu, fundi," kasema Mwinshehe, kijana wangu,
"wiki mbili utazoea."
Akafungulia faili ya zamani kwenye hiyo mpya.
Korosho zilitoka, sikatai.
Zilitoka kama vijiwe vya figo.
Damu ya mzee imekuwa tope,
herufi za jina zimerukiana
kama panzi ndani ya chupa.

Sikulia. Nilikunywa chai.
Nikahesabu faili: elfu mbili mia nne na sita.
Misiba mingapi humo, ndoa ngapi,
matusi mangapi niliyoyavisha adabu
jirani apate kumvalia jirani.
Sikuibiwa. Zote zipo.
Ufunguo tu ndio uko kwa mtu
aliyekaa mkutanoni, mji nisioujua,
akasema: hawa si wengi.

Kweli, si wengi.
Mtaa mzima tuko wawili,
na Mzee Pazi macho yameshamwaga.

Alasiri Bi. Sikujua akapanda ngazi
akihema, anataka jina la doti mpya.
Sikuwa na neno.
Nikamsomea mstari wa mwisho wa ile barua,
nikiugeuza Kiswahili palepale:
ASANTE KWA SAFARI TULIYOKWENDA PAMOJA.

Alicheka mpaka akashika ukuta.
"Huyo nani? Mume wa nani?
Weka hiyo. Hiyo hiyo, usiongeze nukta.
Kila aliyeachwa mji huu atanunua mbili,
moja ya kuvaa,
moja ya kumpitia nayo mlangoni."

Zimebaki siku tisa.
Nimefungua ukurasa mtupu,
nimeanza na pindo, kona ya kushoto.
Korosho ya kwanza. Ya pili.
Mwinshehe ameweka simu chini,
anatazama mkono wangu, si kioo.

Luku imeanza kulia.