Sikio la Kulia

Kwangu Kariobangi, shilingi ishirini ni mchezo mmoja.
Nimeandika kwa chaki juu ya televisheni yenye ufa,
na chini yake: Hakuna deni. Usigonge padi.
Wavulana huja wakitoka shule, sare zimepauka magotini.
Hawachagui sura. Huchukua ile ya kwanza,
kidume chenye taya kama tofali,
wakakimbilia vita.

Kerubo alikuja Jumanne, sarafu yenye jasho kiganjani.
"Nataka kuanzia kwenye uso," akasema.

Ngozi kwanza. Akausukuma mstari
ukapita krimu, ukapita asali, ukapita njugu,
akausimamisha karibu na mwisho, akakunja uso,
akaurudisha unywele mmoja.
"Mama husema mimi ni chai ya rangi
iliyosahaulika jikoni."
Nywele: misuko ilikuwepo, nani angedhani,
ila ilikwenda moja kwa moja hadi kisogoni,
na ya kwake shangazi huizungusha kama njia ya siafu.
Akaguna, akakubali.
Pua akaipanua mwenyewe. Kovu la nyusi
akalitafuta mpaka akalipata.

Nyuma yake Wafubwa akalipiga benchi teke.
"Oya! Unajipodoa ama unacheza?"
Hakugeuka. Au hakusikia,
maana sauti ilitoka kushoto,
upande wa kile kifaa chenye selotepu
ambacho betri yake hufa kabla ya mwisho wa mwezi.

Alikipata ukurasa wa mwisho, panapoitwa Vinginevyo,
kati ya miwani ya jua na pembe za shetani:
kifaa cha kusikia, kidogo, cha kijivu.
Nikaacha kuhesabu sarafu.
Akakibonyeza. Kikakaa sikio la kulia.
Akabonyeza tena. La kulia.
Akamgeuza yule msichana kichwa huku na huku.
La kulia tu. Aliyekitengeneza huko mbali
labda alimkumbuka mtu mmoja,
na huyo mmoja hakuwa Kerubo.

Nikatafuta la kusema, sikulipata.
Yeye akasogea hadi pumzi yake
ikatia ukungu kwenye ufa wa skrini,
akagusa sikio lake, akagusa la yule,
yakawa mkabala kabisa.
"Aa," akasema. "Ananitazama.
Ndivyo nilivyo kwenye kioo."

Saa yangu ikalia. Dakika zimekwisha,
na hajapiga hatua hata moja mchezoni.
Sikumwambia ongeza pesa. Nilibonyeza Hifadhi,
akaandika jina kwa herufi kubwa,
akaenda nyumbani kuinjika sufuria.

Alhamisi stima zilirudi saa kumi.
Wafubwa akaketi, akachukua ile ya kwanza,
na ya kwanza, siku hiyo, ilikuwa KERUBO.
Nikangoja aibadilishe.
Dakika ni pesa; hakuibadilisha.
Akaruka naye mitaro, akapanda naye mapaa,
na benchi zima likasimama, likipaza sauti:
"Kerubo, nyuma yako! Kerubo,
kushoto! Kushoto!"