Asilimia Moja

Wanga tunauchukua Veendam, kwenye kiwanda cha viazi
kinachonuka Oktoba nzima kama nguo zilizosahauliwa ndooni.
Ni mweupe; ukiufinya hulia kama theluji chini ya kiatu.
Unapenda maji kupita kiasi. Uache wazi usiku mmoja tu,
asubuhi utaukuta umekunywa unyevu wote wa chumba.

Mwenzake ni plastiki ya bakteria:
hulishwa sukari, wakanona nayo kama mafuta ya mkia wa kondoo.
Huletwa katika magunia ya rangi ya fedha, punje ngumu kama shanga,
na maji haitaki hata kuyasikia.

Nikavitia pamoja kwenye mashine ya parafujo mbili,
joto nyuzi mia na sabini.
Utepe ukatoka mzuri, rangi ya maziwa.
Harm Bolhuis akaushika ncha mbili, akavuta.
Tap. Kama biskuti.
"Hivi vinakaa nyumba moja," akasema, "lakini havijaoana."

Chini ya hadubini, mashimo.
Kila punje ya wanga ilichomoka ikaacha kitundu safi,
kingo laini, kama ufizi uliong'olewa jino.
Hapakuwa na uzi hata mmoja wa kuonyesha
kwamba mtu aliwahi kukaa pale.

Nilivijua vitundu hivyo.
Nilikuwa na miaka tisa, baba zizini, mama jikoni,
na kati yao hatua thelathini na nne za ua ulioganda.
*Mwambie baba yako supu tayari.*
*Mwambie mama yako nimesikia.*
Njiani nikajifunza kupunguza makali:
"nimesikia" ikafika jikoni ikiwa "ahsante,"
"supu tayari" ikafika zizini ikiwa "anakungoja."
Hakuna aliyeuliza nani kaongeza.

Kwa hiyo nilipofungua chupa ya anhidridi ya maleiki,
fuwele nyeupe, harufu ya kuchoma pua,
kazi yake sikuhitaji kuelezwa.
Mkono mmoja hushika mnyororo wa plastiki,
peroksidi ikiutia ujasiri;
wa pili huunyooshea wanga,
ule wenye vidole vya maji visivyohesabika.
Si wa huku, si wa kule. Mshenga.
Harusi ikipita, jina lake haliandikwi kwenye gunia.

Nusu asilimia: utepe ulivutika kidogo, ukakatika.
Moja: ukavutika, ukavutika,
Harm akaacha kutafuna mkate wake.
Na mimi, tamaa ikanishika, nikatia tatu.
Ukatoka wa manjano, dhaifu kuliko ule wa kwanza kabisa.
Mshenga akizidisha maneno
huikata minyororo ileile aliyotumwa kuiunga.

Majira yale yale ya baridi, siku moja, nilimwambia mama,
"Baba amesema anakupenda."
Akaweka chini kisu cha viazi.
"Hilo hajasema."
Tangu siku hiyo hakunituma tena.

Mei hii tumeutandika utando wetu shambani kwa baba,
juu ya matuta. Unatakiwa ushike mpaka Agosti
kisha uoze, wanga ukitangulia, mwenzake akifuata,
na jembe la mwakani lisikute kitu.
Mama alikuja na chupa ya kahawa, ingawa siku hizi anaishi Assen.
Upepo ukauinua. Baba akadaka ncha moja,
mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akadaka nyingine.
Ukavutika baina yao, ukipigapiga.

"Kaza."
"Nimekaza."

Maneno mawili, baada ya miaka ishirini na sita.
Nilikuwa mtaroni na koleo,
mdomo umejaa sentensi za kuongezea.
Nikachota udongo, nikaukandamizia ukingoni.