Mpaka wa Mzee Kondo

Saruji imepanda, Mzee Kondo hakujenga ukuta.
Alileta dungusi kwa toroli, vipande vinne
vimeviringwa gunia, akavichomeka mchangani
nyuma ya choo chetu, futi moja
ndani ya kiwanja cha Chausiku.
"Mpaka huo," akasema. Akajifuta jasho, akaingia kwake.

Sisi wapangaji tulinyamaza.

Vuli mbili, vipande vikawa nguzo
za pembe tatu, pembe nne, kijani cha chupa,
miiba vishada vishada
kama pini kwenye kimto cha fundi cherehani.
Zikanasa kanga, zikatoboa mpira wa watoto,
na alfajiri moja zikabaki na suruali ya mwizi
bila mwizi.

Mtaa ukasema: mnyaa huo, utomvu wake unapofua.
Chausiku akachukua kisu, akakata ncha.
Hayakutoka maziwa. Maji tu, yanavutika.
Akalamba. Tukangoja afe.
Akaenda kusugua sufuria.

Yeye huamka saa tisa usiku, vitumbua havingoji jua.
Usiku ule umeme ulikatika Charambe nzima,
akanigongea dirisha:
"We Sijaona, toka uone."

Ua limefunguka.
Jeupe, pana kuliko sahani,
na nondo kazama humo mpaka mabawa.
Hatukusemezana. Nyuma yetu
vitumbua viliungua, vyote, upande mmoja.
Saa moja asubuhi ua limenywea
kama soksi iliyolowa, na wateja wananuna.

Kisha matunda, mekundu, yakaelemea kwetu.
Mzee Kondo aliyahesabu kutoka kwake,
mkono haufiki.

Ijumaa Chausiku akavuna machipukizi laini,
akakwangua miiba kwa mgongo wa kisu,
akaunga kwa nyanya na tui zito,
akanituma na bakuli kwa jirani.

Alikula amesimama. Tonge baada ya tonge.
Akamalizia kwa kidole.
"Kamuulize, mlenda gani mtamu hivi?"

Nikaenda kuuliza, nikarudi na jibu:
"Anasema ni mpaka wako, mzee.
Anauliza, kesho akupikie futi ngapi?"

Hakucheka. Alizitazama nguzo
kama mtu anayesoma hati kwa mara ya kwanza.
Lakini bakuli halirudi tupu, hilo analijua:
alitia ndimu tatu.
Moja ilikuwa imeoza.