Yasiyo ya Lazima

Mimi ndiye niliyeisafisha data.
Ganjoni, ghorofa ya tatu, feni ikikohoa,
niliilisha mashine miamala ya miaka mitatu
ijifunze nani hulipa, nani hukimbia.

Ikamkataa Bi Mwanamkuu wa Bondeni,
mpika mahamri na mbaazi za asubuhi.
Mapato hukatika mwezi mzima, ilisema,
na mwezi wenyewe hautulii:
kila mwaka warudi nyuma siku kumi na moja.

Mashine haijawahi kufunga.
Haijui karai lililofunikwa kwa heshima,
wala ile mia tano ya saa sita usiku,
mchango wa sanda ya jirani,
ambayo mimi, kwa mkono huu,
niliiandika: matumizi yasiyo ya lazima.

Alikuja dirishani. "Mwanangu, nimekosani?"
Nikamjibu, ni mfumo, mama.
Neno jepesi, mfumo.
Ukilipigia hodi, hakuna wa kuitika.

Usiku huu nimerudi, nimefuta neno moja:
yasiyo.
Mashine yauliza kama nina hakika.
Zimesalia nyingine elfu tisa.