Kikao cha Bodi, Toledo

Wajumbe tisa, wote wateule wa meya:
wakili, tajiri wa vioo, mjane wa mwenye benki.
Ajenda ya nne: Idara ya Jiografia.

Bi. Wachowiak, mkuu wa kitivo, kaja na ramani;
imebaki imekunjwa.
Seneti ya walimu imeshauri.
Kushauri si kuamua.
Mwakilishi wa wanafunzi ana kiti, hana kura,
ana kikohozi.

Mimi naandika muhtasari.
Nilisoma hapahapa, masomo ya usiku,
kwa kodi waliyomkata baba, mfagia theluji wa manispaa.
Naandika "imejadiliwa".
Nafuta.
Naandika "imefutwa".

Theluji imemeza mitaa yote.
Mwenyekiti, koti begani, anasimama dirishani,
ananiuliza mto uko upande gani.